Pampu Kubwa, Waya Mwembamba: Kuchagua Udhibiti wa Pampu ya Mafuta kwenye Impreza STI

Binamu yangu ana Subaru Impreza WRX STI ya umbo la GDB, lile lililotoka kiwandani kati ya mwaka 2000 na 2007. Alibadilisha turbo, akaweka nozeli kubwa zaidi, kisha akanunua pampu ya mafuta iliyoandikwa lita 340 kwa saa. Gereji aliyoiendea hapa Nairobi ilimfungia pampu hiyo na, ili ipate umeme wa kutosha, ikaondoa kile kiboksi cha kiwandani kinachoongoza pampu na kuvuta waya wa moja kwa moja kutoka betri kupitia rilei. Kwenye barabara ya wazi kuelekea Naivasha gari lilikimbia kuliko siku zote. Taabu ilianza kwenye foleni. Tenki likiwa robo na jua limewaka mchana kutwa, injini ilisitasita, harufu ya petroli ikajaa ndani, na akiizima haikuwaka tena mpaka ipoe. Fundi akasema pampu ni mbovu. Ikanunuliwa ya pili, nayo ikafanya vilevile.

Pampu zote mbili zilikuwa nzima. Kilichokosewa ni namna ya kuziongoza, na kosa hili nimeliona mara nyingi kwa vijana wanaozipenda Subaru hivi kwamba naona linastahili kuchambuliwa kwa utaratibu. Watu huchagua pampu kwa kutazama namba iliyoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo hutimia pale tu pampu inapopata volti kamili, na haisemi lolote kuhusu kinachotokea gari likiwa limesimama.

Tuanze na walichokifanya wahandisi wa Subaru. Pampu ya GDB ni ya umeme na imezama ndani ya tenki. Kati yake na betri kuna rilei, na baada ya rilei kuna kidhibiti, kiboksi kidogo kilichofichwa upande wa nyuma wa gari. Kompyuta ya injini hukadiria mahitaji ya petroli na kukitumia kidhibiti ishara, nacho huiwasha na kuizima pampu kwa kasi kubwa ndani ya kila sekunde. Ziko ngazi tatu. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, pampu hupata umeme kwa asilimia 33 ya muda. Mwendo wa kawaida huipa 66. Ukikanyaga mafuta hadi chini inapata 100, yaani umeme mfululizo bila kukatwa. Kwa pampu, ngazi ya kwanza ni kama kulishwa volti 4 na nusu hivi, ya pili kama volti 9.

Subaru hawakuwa peke yao. Toyota waliiwekea Supra ya JZA80 kompyuta ndogo maalumu ya pampu. Nissan Skyline GT-R ilikuwa na kifaa chake cha kupunguza volti, na Mitsubishi Lancer Evolution ilitumia kizuizi cha umeme kilichorukwa na rilei mzigo unapopanda. Kampuni nne zilizoshindana vikali zilikubaliana kwamba pampu haipaswi kukimbia kasi yote muda wote.

Sababu yao inapimika. Injini ya lita 2 isipokanyagwa hunywa petroli kama lita 1 kwa saa. Mfumo wa GDB ni wa kurudisha: pampu husukuma petroli mpaka kwenye nozeli, kidhibiti presha kinabakiza kinachohitajika, na kilichozidi hurudi tenkini. Chukua pampu ya binamu yangu na useme inatoa lita 300 kwa presha iliyopo wakati gari limesimama. Lita 1 inachomwa. Lita 299 zinapita juu ya injini ya moto na kurudi. Tenki likiwa na lita 15 tu, petroli yote hiyo huzungushwa mara 20 kwa saa, mara moja kila dakika 3, na kila mzunguko hubeba joto la injini kulileta tenkini.

Pampu yenyewe huongeza lake. Volti 13.5 zikizidishwa kwa ampea 10 ni wati 135, zaidi ya taa mbili za mbele za wati 55 zikiwashwa pamoja. Karibu joto lote hilo huishia kwenye petroli, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza pampu. Kwenye gari linalokimbia joto hili halionekani, maana petroli inachomwa haraka na upepo unapita chini ya tenki. Kwenye foleni hakuna upepo, na petroli ni ileile inayozunguka.

Kisha kuna Nairobi. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa au Dar es Salaam. Kimiminika chochote huchemka mapema zaidi mahali pa juu, na petroli ina viambato vyepesi vinavyogeuka mvuke hata kwa joto la wastani. Mdomoni mwa pampu, pale inapovuta, mgandamizo hushuka zaidi kidogo, na viputo huanzia hapo. Pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika haiwezi kusukuma mvuke. Presha inaanguka, injini inasita, na fundi anaona pampu mbovu. Gari hilohilo likishushwa Mombasa linaweza kuvumilia zaidi, na mwenye gari akaapa kwamba limepona.

Dalili nyingine ya kosa hili huonekana kwenye geji. Kidhibiti presha na bomba la kurudisha vya kiwandani vilikusudiwa kupitisha ziada ya pampu ya kiwandani. Ukivimiminia lita 299 kwa saa, bomba linabana, na presha inapanda juu ya ile iliyopangwa. Kipimo chake ni rahisi: funga geji ya presha, acha injini iungurume, chomoa ule mpira mwembamba wa hewa unaoingia kwenye kidhibiti presha na uuzibe. Geji isome bar 3. Ikisoma zaidi, bomba limezidiwa. Injini itapewa petroli nyingi kuliko hesabu ya kompyuta, itatoa moshi mweusi, na plagi zitaloa. Hakuna uandishi wa ramani, yaani kupanga upya kompyuta ya injini, utakaotibu tatizo hilo vizuri, kwa kuwa chanzo chake ni kipenyo cha bomba.

Basi pampu inatakiwa kuwa kubwa kiasi gani? Injini ya petroli yenye turbo, ikiwa kwenye mzigo mkubwa, hula kama gramu 272 za petroli kwa kila nguvu ya farasi moja kwa saa. Lita moja ya petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi. Kwa farasi 280 za STI ya Japani, hiyo ni lita 103 kwa saa. Kwa farasi 350, ambazo ndizo binamu yangu alizilenga, ni lita 129. Farasi 400 zinataka 147, na 450 zinataka 165. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya usalama, na gari la farasi 350 linaomba lita 155.

Hapo mtu atauliza kwa nini basi anunue hata pampu ya 255. Jibu liko kwenye presha. Kidhibiti presha huongeza presha ya petroli sambamba na presha ya turbo, ili nozeli ziendelee kuona tofauti ileile ya bar 3. Turbo ikisukuma bar 1.4, pampu inapambana na bar 4.4. Kadiri presha inavyopanda, lita hushuka na ampea hupanda. Ile 255 iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa kwa presha ya chini zaidi, karibu bar 2.8, na kwa volti 13.5. Ipandishe presha hadi 4.4 na lita zinapungua. Ipunguze volti hadi 12 na unapoteza asilimia 15 nyingine hivi, au zaidi, kwa sababu upungufu wa volti huuma vibaya pale presha inapokuwa juu. Mambo yote mabaya hukutana sekunde ileile: presha iko juu kabisa, ampea ziko juu kabisa, na volti iko chini kabisa, wakati injini inahitaji petroli kuliko wakati mwingine wowote.

Volti hupotelea njiani, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Betri ya Impreza iko mbele, tenki liko nyuma, na waya unaozungukazunguka mwilini mwa gari unafika mita 5 bila shida. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.25 una ukinzani wa omu 0.069 kwa urefu huo. Ukipitisha ampea 15, volti 1.03 inabaki kwenye waya na kugeuka joto. Bado hujahesabu soketi zenye kutu, rilei ya zamani, na ethi iliyofungwa juu ya rangi. Waya wa milimita za mraba 4 kwa mita 5 hizohizo una omu 0.0215, na upotevu ni volti 0.32. Umelipa pesa ya shaba tu, na pampu uliyonayo imeamka kana kwamba umenunua kubwa zaidi. Kwenye gari lenye umri wa miaka 20, mimi huanza na waya kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa sababu hiyo siwezi kuwalaumu mafundi wanaovuta waya mpya kutoka betri. Wameona tatizo la kweli. Wanachokosea ni kuondoa udhibiti pamoja na ule waya mwembamba, ilhali hayo ni mambo mawili tofauti. Waya mnene unaweza kulisha kidhibiti kilekile cha kiwandani: rilei mpya karibu na betri, fyuzi ndani ya sentimita chache kutoka kwenye nguzo ya betri, waya wa milimita za mraba 4 mpaka nyuma, na ethi mpya iliyofungwa kwenye bati lililokwanguliwa likang'aa. Kidhibiti kinabaki kikifanya kazi yake ya ngazi tatu, ila sasa kinapokea volti nzima.

Rilei hiyo mpya inahitaji kitu cha kuichochea, na hapa pana hatari inayohusu uhai wa mtu. Ukifungua ufunguo bila kuwasha injini, kompyuta ya Subaru huiwasha pampu kwa sekunde 2 hivi kisha huizima. Injini ikizimika ghafla, kwa mfano gari likipata ajali, kompyuta haioni tena mzunguko wa injini na hukata pampu. Fundi anayechukua kichocheo kutoka waya wa ufunguo ameifuta kinga hiyo. Gari likipinduka na bomba kukatika, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto mpaka mtu afikie ufunguo. Kichocheo lazima kitoke kwenye waya wa rilei ya pampu ya kiwandani, ile inayotii kompyuta. Na kichukuliwe kabla ya kidhibiti. Ukikichukua baada ya kidhibiti, rilei itapokea umeme unaowashwa na kuzimwa kwa kasi, itatetemeka, na vidoti vyake vya kuunganisha umeme vitaungua.

Kidhibiti cha kiwandani kina kikomo. Kiliundwa kwa ampea za pampu ya kiwandani, na pampu za daraja la lita 255 hadi 265 zilizotengenezwa kuingia kwenye Subaru zimekuwa zikifanya kazi nacho vizuri kwa miaka mingi. Pampu za lita 340 kwenda juu ni habari nyingine. Nyingi huvuta ampea zaidi, na baadhi hazishiki presha kwa uthabiti zikilishwa asilimia 33 ya muda, hasa tenki likiwa na joto. Pampu za daraja la lita 450 zinaweza kupita ampea 15 kwa presha ya turbo, na hapo sitamshauri mtu ategemee kiboksi kilichobuniwa kwa gari la farasi 280.

Anayehitaji pampu hizo ana njia mbili za maana. Ya kwanza ni kubadilishana njia: pampu inabaki kwenye kidhibiti wakati wa mwendo wa kawaida, na swichi ya presha ya turbo inaamuru rilei ya miguu mitano iihamishie kwenye waya mnene wa moja kwa moja turbo inapoanza kusukuma. Ni rahisi, na fundi umeme yeyote makini anaiweza. Sharti lake ni kwamba rilei ihamishe kabisa. Umeme wa betri usikutane na matokeo ya kidhibiti hata kidogo, la sivyo kidhibiti kitaungua. Udhaifu wake ni swichi yenyewe. Ikifa, pampu inabaki kwenye njia dhaifu na dereva hajui. Kwa hiyo njia hii isitumike bila geji ya presha ya petroli mbele ya macho ya dereva, au bila kompyuta inayopunguza nguvu presha ikianguka.

Njia ya pili ni ninayoiheshimu zaidi: kompyuta ya injini ya kisasa, ya kununua, iongoze rilei ya kielektroniki isiyo na vidoti, na kasi ya pampu ipangwe kwa jedwali kulingana na mzunguko na mzigo. Badala ya ngazi tatu unapata mteremko laini. Unaweza kuipa asilimia 45 kwenye foleni, 70 barabarani, na 100 kabla turbo haijafika kileleni. Mambo mawili huamua kama kazi itadumu. Lazima kuwe na diodi ya kumeza umeme unaorudishwa na mota ya pampu kila inapokatwa, kwa sababu bila hiyo transista hufa. Na masafa ya kuwasha na kuzima yafuate maelekezo ya mtengenezaji wa rilei na pampu: yakiwa ya chini mno pampu hutetemeka na kulia, yakiwa ya juu mno rilei hupata joto, nayo inahitaji kufungwa kwenye bati linaloipoza. Nimeona rilei nzuri ikifungwa kwa utepe wa plastiki juu ya zulia. Hiyo ni kuiua.

Pampu mbili, ambapo ya pili huamka turbo ikisukuma tu, ni kwa magari yanayopita mahitaji ya pampu moja. Kwa barabara zetu na kwa petroli ya kawaida ya vituo vyetu sioni wengi wanaofika huko. Marekani, kwa wanaotumia petroli yenye ethanoli inayofikia asilimia 85, hali ni tofauti, maana mafuta hayo hudai ujazo mkubwa zaidi kwa nguvu ileile.

Turudi kwa binamu yangu. Farasi 350, gari la kila siku, foleni ya asubuhi na jioni, na safari za Naivasha mwishoni mwa wiki. Hesabu yake ilikuwa lita 155, na alikuwa amenunua 340. Tuliitoa. Tukaweka pampu ya daraja la 265 iliyotengenezwa kwa Subaru, tukakirudisha kidhibiti cha kiwandani alichokuwa amekitupa kwenye sanduku la vyuma stoo, na tukakilisha kwa waya wa milimita za mraba 4 wenye rilei na fyuzi yake. Mwandishi wa ramani alihakikisha ngazi ya asilimia 100 inaingia mapema. Hili ni muhimu pale nozeli zinapobadilishwa, kwa kuwa makadirio ya kompyuta kuhusu mahitaji ya petroli yalifungamana na nozeli za zamani.

Tulipofungua mfuniko wa tenki tulikuta jambo jingine. Fundi wa kwanza alikuwa ameunganisha pampu kwa kipande cha mpira wa mafuta wa kawaida, ule wa kutumika nje. Mpira huo umeundwa petroli ipite ndani yake tu. Ukizamishwa, petroli huushambulia kutoka nje, unavimba, unalainika na kupasuka, na pampu huanza kutemea petroli tenkini badala ya kuipeleka kwenye injini. Kilichofaa ni mpira wa kuzamishwa, wenye maandishi SAE 30R10 ubavuni. Ni ghali kuliko ule wa kawaida, na kinachohitajika ni kipande kisichofika urefu wa kiganja. Waya za ndani ya tenki nazo lazima ziwe na ganda linalostahimili petroli, na pini za soketi kwenye mfuniko zikaguliwe: plastiki iliyobadilika rangi kuzunguka pini inasema kwamba ampea zimezidi uwezo wake.

Nasisitiza haya kwa sababu ya kile kinachofuata presha ya petroli inapoanguka kwenye injini hii. Petroli hupoza chumba cha moto pamoja na kutoa nguvu. Ikipungua turbo ikiwa juu, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, mlipuko unatokea kabla ya wakati wake, na sehemu nyembamba ya pistoni kati ya ringi na ringi inavunjika. Hakuna taa inayowaka mapema kukuonya. Injini inaweza kufa kwa upungufu wa aina hii uliodumu sekunde chache tu.

Uamuzi wangu ni huu. Mpaka farasi 350, bakiza kidhibiti cha kiwandani, chagua pampu ya daraja la 265, na utumie pesa iliyobaki kwenye waya, ethi na geji. Kati ya 350 na 450, tafuta udhibiti wa kielektroniki unaoongozwa na kompyuta, au rilei ya kubadilishana njia ukikubali kuilinda. Pampu inayokimbia asilimia 100 muda wote ifungwe kwenye gari la mashindano lisilojua foleni.

Na kabla hujalipia chochote, mpe fundi umeme saa moja. Aunge waya mbili ndefu kwenye soketi ya pampu, azipitishe mpaka kiti cha mbele, na abiria ashike maltimita wakati gari linakanyagwa mafuta hadi chini kwenye mashine ya kupimia nguvu au uwanja wa mashindano, kwani ni wakati huo tu ambapo kidhibiti kiko asilimia 100 na kipimo kina maana. Linganisha na volti ya betri. Tofauti ikizidi volti 1, usinunue pampu bado. Nunua mita 5 za waya wa milimita za mraba 4 kwanza, kisha pima tena.